Metafizikia na vitabu vya wanyama vya Aristotle: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wasomaji wa falsafa ya Kigiriki huyarudia wanapotoka kwenye *Metafizikia* na kuingia kwenye vitabu vya wanyama, au wanapokuja kwa njia ya pili. Msimamo wangu nautaja mapema ili usomapo majibu ujue nimesimama wapi: kazi hizi mbili zisomwe pamoja. Anayeisoma *Metafizikia* bila kujua habari za baghala, fuko na yai la kuku ameikosa nusu ya hoja. Lakini kusoma pamoja si kulazimisha vikubaliane, kwani yapo mahali vinapogongana waziwazi.

## Ya mwanzo

1. Vitabu vinavyolinganishwa hapa ni vipi?

Upande mmoja ni *Metafizikia*, yenye vitabu 14 vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki, kuanzia Alfa hadi Nu. Upande wa pili ni kazi za wanyama, na kubwa ni tatu. *Uchunguzi wa Wanyama* una vitabu 10, ingawa cha 10 wengi wanakitilia shaka. Umejaa habari za aina zaidi ya 500: nani ana kiungo gani, anakula nini, anazaa lini na wapi. *Viungo vya Wanyama*, vitabu 4, unauliza kwa nini viungo hivyo viko jinsi vilivyo. *Uzazi wa Wanyama*, vitabu 5, unauliza mnyama anapatikanaje hadi akawa yeye. Pembeni kuna kazi mbili fupi, moja juu ya kinachomsukuma mnyama asogee na nyingine juu ya namna anavyopiga hatua. *Kuhusu Nafsi* imekaa katikati, maana kwa Aristotle nafsi ndiyo umbo la mwili ulio hai.

2. Je, si mambo mawili yasiyohusiana? Moja inazungumzia kuwepo, nyingine samaki.

Fungua ukurasa wa kwanza kabisa wa *Metafizikia*. Sentensi ya kwanza inasema watu wote kwa asili yao wanatamani kujua. Mistari michache baadaye tuko tayari kwa wanyama: wote huzaliwa na hisi, baadhi wana kumbukumbu, na wenye kumbukumbu pamoja na kusikia wanaweza kufundishwa. Nyuki, anasema hapo, wana akili lakini hawafundishiki, kwa kuwa hawasikii sauti.

Sasa nenda *Uchunguzi wa Wanyama*, kitabu cha 9, penye habari ndefu za mzinga. Wafugaji walikuwa wakigonga vyombo na mawe ili kundi lirudi mzingani, nao waliamini nyuki wanafurahia kelele ile. Aristotle anaandika kuwa haijulikani kama nyuki wanasikia hata kidogo. Kiumbe ni kilekile na swali ni lilelile. Kwenye *Metafizikia* anakata shauri kwa sababu anahitaji mfano wa haraka. Kwenye kitabu cha wanyama anasita, kwa sababu pale nyuki ndiye mada yenyewe. Ukiishika tofauti hiyo umeshapata ufunguo wa majibu mengi yaliyomo hapa.

3. Jina "Metafizikia" alilitoa yeye?

Hapana. Yeye alisema "falsafa ya kwanza". Jina tulilonalo maana yake ni "yale yanayofuata baada ya vitabu vya maumbile", na kwa kawaida hunasibishwa na Andronikos wa Rhodes aliyepanga maandishi ya Aristotle katika karne ya 1 K.K. Kwa hiyo usiitazame *Metafizikia* kama kitabu kimoja kilichoandikwa moja kwa moja. Ni mkusanyiko wa mihadhara, na kitabu cha Delta, kwa mfano, ni kamusi ya istilahi inayoweza kusimama peke yake.

4. Namba kama 645a au 1032a ni za nini?

Ni kurasa na safu za toleo la Immanuel Bekker lililochapishwa Berlin mwaka 1831. Matoleo yote makini, kwa lugha yoyote, huzibeba pembeni, kwa hiyo wasomaji wawili wenye tafsiri tofauti wanaweza kufungua mstari mmoja. Zinafunua pia jambo ambalo watu hawalitarajii: kazi za wanyama zinaanzia 486 hadi 789, ilhali *Metafizikia* ni 980 hadi 1093. Mtu tunayemwita baba wa metafizikia alijaza karibu mara tatu ya kurasa hizo kwa habari za wanyama.

5. Nianze kusoma wapi?

Anza na *Viungo vya Wanyama*, kitabu cha 1, sura ya 5 (644b hadi 645a). Ni kurasa chache tu. Aristotle anasema viko vitu vya aina mbili: vya milele kama nyota, ambavyo ni vitukufu lakini tunavijua kwa shida, na vinavyozaliwa na kufa, ambavyo vimetuzunguka na tunaweza kuvijua sana tukikubali kujisumbua. Kisha anasimulia wageni waliokwenda kumwona Heraclitus, wakamkuta anaota moto kwenye tanuri, wakasita mlangoni. Akawaambia waingie bila hofu, kwani hata pale miungu imo. Vivyo hivyo, anasema Aristotle, tusione kinyaa kumchunguza mnyama yeyote, hata duni.

Baada ya hapo soma kitabu cha Zeta cha *Metafizikia*. Ni kigumu, lakini utakisoma ukiwa na wanyama kichwani badala ya tufe la shaba.

## Aliandika lini, aliona nini

6. Kipi kilitangulia?

Aristotle alizaliwa Stagira mwaka 384 K.K., mwana wa Nicomachus, tabibu wa mfalme wa Makedonia. Akiwa na miaka kama 17 aliingia Akademia ya Plato huko Athens, akakaa humo takriban miaka 20. Plato alipofariki mwaka 347 K.K. hivi, alihamia Assos, kisha kisiwa cha Lesbos, kisha Makedonia alikomfundisha Alexander. Mwaka 335 K.K. alirudi Athens na kufungua shule yake, Lyceum, na alifariki Chalcis mwaka 322 K.K.

Werner Jaeger, katika utafiti wake wa mwaka 1923, alidai Aristotle alianza kama mfuasi wa Plato aliyezama kwenye metafizikia, kisha polepole akageukia uchunguzi. D'Arcy Thompson, aliyetafsiri *Uchunguzi wa Wanyama* mwaka 1910, alikuwa ameshaonyesha kitu kinachoitia nadharia hiyo mashaka: majina ya mahali kama Pyrrha, ile ghuba ya Lesbos ambayo leo huitwa Kalloni, yanarudi mara nyingi mno katika habari za samaki. Hayo yanamweka Aristotle ufukweni akiwa na umri wa miaka 40 hivi, kabla ya Lyceum.

Kwa maoni yangu swali la "kipi kwanza" halina faida kubwa, kwa kuwa maandishi yote haya yalikuwa ya kufundishia na yalirekebishwa mara kwa mara. Lenye faida ni kujua kwamba alipoandika Zeta, mikono yake ilikuwa imeshapasua samaki.

7. Aliona kwa macho yake, au alisimuliwa?

Yote mawili. Alisikiliza wavuvi, wafugaji nyuki na wawindaji, na kuna habari alizozichukua kwa wasafiri, hasa za wanyama wa Libya, jina ambalo Wagiriki waliliita bara zima la Afrika walilolijua. Lakini kuna kurasa ambazo haziwezi kuandikwa bila kutazama.

Mfano bora ni yai la kuku, *Uchunguzi wa Wanyama*, kitabu cha 6, sura ya 3. Mayai yanaatamiwa na yanapasuliwa kwa nyakati tofauti. Baada ya siku tatu usiku na mchana dalili ya kwanza inaonekana: moyo, kama tone dogo la damu ndani ya ute mweupe, unadunda na kusogea kana kwamba una uhai wake. Kutoka kwake inatoka mishipa miwili yenye damu. Siku ya 10 kifaranga kizima kinaonekana, macho yakiwa makubwa kupita kiasi. Karibu siku ya 20, ukilipasua yai na kukigusa, kinajisogeza na kulia.

Au chukua yule papa mdogo mwenye ngozi laini, ambaye alisema watoto wake hushikamana na tumbo la uzazi kwa kitovu kama wanyama wa miguu minne. Kwa muda mrefu halikutiliwa maanani. Mwaka 1842 Johannes Müller, mtaalamu wa Berlin, alichapisha uthibitisho wake.

## Vinapokutana

8. Swali la "dhati" ni lipi, na mnyama anaingiaje?

Dhati ni kile kilichopo kwa kujitegemea, ambacho mengine hukitegemea. Weupe hauwezi kuwepo bila kitu cheupe. Farasi anaweza kuwepo bila kuwa mweupe. Zeta inauliza: basi hicho kinachojitegemea ni nini hasa? Ni maada, ni umbo, au ni vyote viwili pamoja?

Walimu wengi hueleza jambo hili kwa tufe la shaba au kitanda, kwa kuwa Aristotle mwenyewe hutumia mifano hiyo. Lakini 1032a anasema vitu tunavyoviita dhati zaidi ya vingine vyote ni mtu, mmea na vinavyofanana navyo. Katika Eta anaongeza kwamba vitu vilivyotengenezwa kwa mikono labda si dhati kabisa. Kitanda ni mfano wa kufundishia, na mnyama ndiye jambo lenyewe. Ukibaki na kitanda utadhani umbo ni sura ya nje iliyobandikwa juu ya mbao. Kwa mnyama umbo ni uwezo wa kuishi maisha fulani: kuona, kula, kuzaa, kutembea. Ndiyo maana *Uzazi wa Wanyama* ni kitabu cha metafizikia pia, kwa kuwa kinaonyesha umbo likifanya kazi hatua kwa hatua ndani ya yai.

9. Sababu nne zinafanana katika kazi zote mbili?

Orodha ni ileile: maada, umbo, kinachoanzisha badiliko, na lengo. Iko katika Alfa na Delta, na *Uzazi wa Wanyama* unafunguliwa nayo. Kilichobadilika ni uzito. Katika Alfa sababu nne ni kipimo cha kuwapimia waliotangulia: Thales aliyesema vyote vimetokana na maji, Empedocles, Plato. Katika vitabu vya wanyama ni vyombo vya kazi. Mama, kwa maelezo yake, hutoa maada (damu ya hedhi). Baba, kwa manii, huanzisha badiliko. Umbo na lengo ni kitu kimoja, yaani mnyama aliyekamilika. (Juu ya ubaya wa hesabu hiyo kwa mama, tazama swali la 15.)

10. "Mtu huzaa mtu": kwa nini analirudia kila mahali?

Kwa sababu linabeba hoja dhidi ya pande mbili. Katika Zeta linamjibu Plato: hatuhitaji kielelezo cha Mtu kinachokaa mbali ili kueleza kwa nini mtoto ni mtu. Baba yupo, naye anatosha. Katika *Viungo vya Wanyama* linamjibu Empedocles, aliyesema uti wa mgongo una pingili kwa kuwa ulivunjika mtoto alipojikunja tumboni. Aristotle anamwambia amesahau kwamba mbegu ilitoka kwa mzazi ambaye tayari alikuwa na uti wenye pingili. Kwa Plato na kwa Empedocles jibu ni moja: kilichokamilika hutangulia kinachochipukia. Theta inasema jambo hilo kwa lugha ya uwezo na utimilifu, nalo ni gumu kumeza. Lisome ukiwa umeshaliona kwenye yai (swali la 7).

11. Kwa nini anasema kidole cha maiti si kidole?

Zeta, 1035b: kidole cha maiti ni kidole kwa jina tu. *Viungo vya Wanyama*, 640b hadi 641a, inasema vivyo hivyo kuhusu mkono wa shaba na mwili uliokufa. Kiungo ni kile kinachofanya kazi yake ndani ya kilicho hai. Kwa hiyo huwezi kumfafanua mnyama kwa sura na rangi pekee, maana maiti inavyo vyote viwili.

Hapa kuna fundo ambalo wasomaji makini hulikamata wenyewe. Zeta 1040b inasema viungo vya wanyama si dhati, ni uwezo tu, kwani hakuna kimojawapo kilichopo kikiwa peke yake. Lakini palepale anakumbuka wadudu wanaoendelea kuishi wakikatwa vipande. Hakukificha kiumbe kilichoisumbua kanuni, nami naona huo ni uaminifu wa mtu aliyewaona wadudu hao.

12. Fuko anafanya nini ndani ya kamusi ya metafizikia?

Katika Delta, sura ya 22, Aristotle anaeleza maana za kukosa. Mtu kipofu amekosa kuona kwa kuwa watu kwa asili huona. Fuko naye amekosa kuona, lakini kwa namna nyingine: jamii yake kubwa, wanyama, kwa kawaida huona, ilhali yeye mwenyewe haoni kwa asili.

Linaonekana jambo la maneno hadi ufungue *Uchunguzi wa Wanyama*, 533a. Hapo fuko amechunwa ngozi ya uso. Chini ya ngozi nene yamo macho, na sehemu zake zote: cheusi cha katikati, mboni, na weupe kuzunguka, ila vyote ni vidogo kuliko kawaida, na kuna mirija inayotoka kwenye ubongo. Ukuaji, anasema, umezuiwa katikati ya njia. Ile tofauti ya Delta ilikuwa na kisu nyuma yake. Fuko hakosi macho kama jiwe linavyokosa. Anayo, nayo hayakufika.

## Vinapogongana

13. Zeta inagawanya kwa mbili, na *Viungo vya Wanyama* inakataza. Nimsikilize nani?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye orodha hii. Zeta 12 inauliza fasili ya kitu inakuwaje moja ilhali ina maneno mengi. Jibu lake: gawanya kwa kufuatana. Mnyama, kisha mwenye miguu, kisha mwenye miguu iliyopasuka. Kila tofauti iwe tofauti ya ile iliyotangulia, na ya mwisho itazibeba zote.

*Viungo vya Wanyama*, kitabu cha 1, sura za 2 na 3, inaishambulia njia ya Akademia ya kukata kila jamii vipande viwili. Inawatenganisha ndege, baadhi wakiangukia upande wa majini na baadhi upande wa nchi kavu. Inaunda makundi ya "wasio na" kitu fulani, na kukosa hakugawanyiki zaidi. Mnyama, anasema, hutambulika kwa tofauti nyingi kwa wakati mmoja, si kwa mstari mmoja unaoshuka.

Wapo wanaosema Zeta 12 ni jaribio tu lililoachwa njiani, na wapo wanaosema Zeta inatafuta umoja wa fasili huku kitabu cha wanyama kikitafuta njia ya kuifikia. Mimi naelemea upande wa kitabu cha wanyama. Mfano wa miguu katika Zeta ni mwembamba mno, na Aristotle aliyeandika habari za viumbe zaidi ya 500 alijua hakuna hata mmoja anayeisha kwa tofauti moja. Lakini swali la Zeta, la nini kinazifunga tofauti nyingi zikawa mnyama mmoja, halikufa. Jibu lake limo kwenye uhai wenyewe: meno, tumbo na miguu ya simba vinakwenda pamoja kwa kuwa vinatumikia maisha mamoja.

14. Kwa hiyo Aristotle aliunda mfumo wa spishi kama wa Linnaeus, mwanasayansi wa karne ya 18 aliyepanga viumbe kwa ngazi?

La. David Balme (1962) na Pierre Pellegrin (1982) walionyesha kwamba maneno tunayoyatafsiri kuwa jenasi na spishi hayana ngazi maalumu katika vitabu vya wanyama. Kundi lilelile linaitwa hivi hapa na vile pale, kulingana na swali linaloulizwa. Ana makundi makubwa, naam: ndege, samaki, wenye damu na wasio na damu. Alijua pomboo anapumua kwa mapafu, anazaa na kunyonyesha. Lakini lengo lake lilikuwa kupata ni kiungo gani kinaambatana na kipi ili aulize sababu. Ukisoma Zeta ukidhani nyuma yake kuna orodha kamili ya spishi, utatafuta kitu ambacho hakikuwekwa.

15. Alisema jike ni dume lenye kasoro. *Metafizikia* inakubali?

*Uzazi wa Wanyama*, 737a, inasema jike ni kama dume lililopungukiwa. Sentensi hiyo imedhuru watu kwa karne nyingi, na hakuna sababu ya kuitetea.

Lakini Iota, sura ya 9, inauliza swali ambalo wengi hawajui kwamba aliliuliza: ikiwa kike na kiume ni kinyume, na kinyume huleta tofauti ya umbo, kwa nini mwanamke hatofautiani na mwanamume kwa spishi? Jibu lake ni kwamba tofauti hiyo imo katika maada na mwili, haimo katika umbo. Mbegu ileile hutoka kike au kiume kwa kupatwa na jambo fulani njiani. Kwa hiyo *Metafizikia* inasema umbo la mtu ni moja, halina jinsia. Weka hilo kando ya 737a uone ugumu: kama umbo ni moja na jike analo lote, amepungukiwa na nini? Anajibu kwamba amepungukiwa na joto la kupika damu hadi ikawa manii. Ni dai la fiziolojia, nalo ni la uongo. Likianguka, Iota 9 inabaki imesimama.

16. Baghala anaivunja kanuni ya "mtu huzaa mtu"?

Baghala, mtoto wa punda na farasi, anatajwa Zeta 8 (1033b) kama jambo lililo kinyume cha asili: farasi amezaa kisicho farasi. Aristotle anaokoa kanuni kwa kusema kuna jamii ya karibu inayowajumuisha farasi na punda, isiyo na jina, na baghala ni kama hiyo. Mistari michache tu, kisha anaendelea.

*Uzazi wa Wanyama*, mwisho wa kitabu cha 2, unampa baghala sura nzima, na swali ni kwa nini hazai. Anampinga Democritus, aliyesema njia za uzazi za baghala zimeharibika, na Empedocles, aliyesema mbegu mbili laini zikichanganyika huwa ngumu kama shaba ikitiwa bati. Kisha anatoa ithibati yake ya kimantiki: wazazi wa spishi mbili huzaa cha tatu, na hicho cha tatu hakina cha kuzaa. Halafu anaitupa. Hoja hiyo, anasema, ni ya jumla mno na ni tupu, kwa kuwa haikutoka kwenye kanuni za kitu chenyewe, na kuna wanyama wengi waliozaliwa na aina mbili ambao huzaa. Ndipo anapoingia kwenye farasi na punda: ubaridi wa punda, uzazi wao wa shida, na kadhalika. Maelezo hayo ya ubaridi hayakuwa sahihi. Lakini tazama alichokikataa: jibu la sampuli ileile iliyotosha katika Zeta.

17. Na viumbe vilivyodhaniwa kuzuka vyenyewe?

Mkunga wa mtoni, kwa Aristotle, hatoki kwa mzazi bali hutoka kwenye matope. Kombe na chaza huzuka ufukweni. Zeta 7 na 9 zinakiri kwamba baadhi ya vitu huja kwa mbegu na pia bila mbegu, na zinajaribu kueleza kwa maada inayoweza kujiendesha. *Uzazi wa Wanyama* 762a inazungumzia joto lenye uhai lililonaswa ndani ya maji na udongo. Tatizo ni zito: bila mzazi, umbo limetoka wapi? Sijaona jibu la kuridhisha katika kazi yoyote kati ya hizi mbili.

## Mungu, lengo na makosa

18. Mwendeshaji asiyeendeshwa ana uhusiano gani na wanyama?

Mwendeshaji huyo, ambaye Aristotle anamwita Mungu, ni chanzo cha mwendo wote ambacho chenyewe hakisogezwi na kitu. Uhusiano upo, na Aristotle ameuandika. *Mwendo wa Wanyama*, 700b, unaelekeza msomaji kwenye maandishi ya falsafa ya kwanza kuhusu kinachoendeshwa daima. Katika Lambda mwendeshaji wa kwanza huendesha kama kinachopendwa. Mnyama naye husogea kwa sababu kuna kitu anachokitaka.

Uhusiano wa pili ni uzazi. *Uzazi wa Wanyama*, 731b, unasema mnyama mmoja hawezi kuwa wa milele, lakini aina yake inaweza, na ndiyo maana kuna kuzaliana. Kuku anayeatamia anashiriki, kwa kadiri anavyoweza, katika umilele ambao Lambda inaupa mbingu.

19. Kila kiungo kina lengo?

Hapana, na hapa wanaomkosoa mara nyingi hawajamsoma. Nyongo, katika *Viungo vya Wanyama* kitabu cha 4, ni mabaki tu, na anaonya tusitafute lengo kwa kila kitu. Jicho lipo kwa ajili ya kuona, lakini rangi yake haipo kwa ajili ya chochote. Theophrastus, mrithi wake Lyceum, aliibana hoja zaidi katika *Metafizikia* yake fupi: matiti ya wanaume ni ya nini, na pembe za ayala zinazomsumbua mwenyewe?

20. Meno ya wanawake, ubongo wa kupoza damu: makosa haya hayaangushi metafizikia yake?

Alisema wanaume wana meno mengi kuliko wanawake, na kwamba ubongo hupoza joto la moyo. Ni makosa, na kosa la meno lingeweza kusahihishwa kwa kufungua kinywa. Kinachoanguka ni madai hayo. Alichokisema mwenyewe kuhusu uzazi wa nyuki (760b) ndiyo kanuni ya kumhukumia: ukweli wa mambo haujapatikana vya kutosha, na utakapopatikana, hisi ziaminiwe kuliko hoja, na hoja ziaminiwe zikikubaliana na kinachoonekana. Jambo zito zaidi kwa metafizikia yake ni mabadiliko ya spishi. Kama aina si za milele, jibu la swali la 18 linapoteza nguzo moja.

21. Plato naye aliandika juu ya wanyama?

Mwishoni mwa *Timaeus* wanyama wanatokana na watu walioshuka daraja: ndege kutoka kwa watu wepesi wa mawazo, wanyama wa nchi kavu kutoka kwa wasiojali falsafa, samaki kutoka kwa wajinga kabisa. Lisome kisha urudi kwenye swali la 5. Umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi utauona bila maelezo.

22. Wanafalsafa wa Kiislamu walizisoma kazi zote mbili?

Ndiyo, na kwa karne kadhaa walizisoma vizuri kuliko mtu yeyote. Kazi tatu kubwa za wanyama ziliunganishwa kwa Kiarabu kuwa *Kitab al-Hayawan* cha sehemu 19 (10, 4 na 5). Ibn Sina anasimulia kwamba aliisoma *Metafizikia* mara 40 hadi akaihifadhi bila kuielewa, mpaka aliponunua sokoni kwa dirhamu tatu kitabu kidogo cha al-Farabi kilichoeleza makusudio yake. Katika *al-Shifa* aliweka wanyama na elimu ya uungu ndani ya kazi moja. Ibn Rushd alifafanua *Metafizikia*, na pia *Viungo* na *Uzazi*. Michael Scot alitafsiri wanyama kutoka Kiarabu kwenda Kilatini mapema karne ya 13, na ndivyo Ulaya ilivyowapata.

23. Umbo ni la aina nzima, au kila mmoja ana lake?

Swali hili halijafungwa. Zeta 8 (1034a) inasema Callias na Socrates wanatofautiana kwa maada, lakini umbo lao ni moja, halikatiki. Lambda 5 (1071a) inasema maada yako, umbo lako na kilichokuanzisha si vyangu, ingawa kwa maelezo ya jumla ni sawa.

*Uzazi wa Wanyama*, kitabu cha 4, sura ya 3, unaingia katikati kwa swali la kifamilia: kwa nini mtoto anafanana na baba, au mama, au babu aliyekufa zamani? Mbegu, anajibu, hubeba mwendo wa mtu, wa dume, na wa Socrates huyu. Mwendo wa baba ukishindwa, unarudi nyuma hadi wa babu. Na kati ya aina na mtu mmoja, kinachotangulia katika kuzaa ni yule mmoja, kwa kuwa "hiyo ndiyo dhati" (767b). Balme aliitegemea sura hii kudai kwamba umbo lina hata sifa za mtu binafsi. Wengine wanasema mwendo wa mbegu si umbo. Mimi naona sentensi ya 767b haiwezi kupuuzwa, na Zeta 8 haiwezi kusomwa kana kwamba haipo. Ukitaka kuchukua upande, weka vipande hivyo vitatu mezani kwa siku moja, na usianze na Zeta.